Uzi: Nyaya na betri mpya kwenye boti ndogo ya matanga, tuanzie wapi?

#1 TangaMbele
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mawazo ya wenye ujuzi. Boti ni ya matanga, urefu mita 8, injini ya dizeli ya silinda moja yenye altaneta ya ampea 35. Kuna betri mbili za asidi za 80 Ah (ampea-saa) kila moja, zote zinapita kwenye swichi ile ya 1-2-ZOTE, ya kuchagua betri ya kwanza, ya pili au zote. Nyaya ni za tangu boti ilipoundwa. Nyingi zimeungwa kwa tepu, pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini botini) imefungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, na taa za mlingotini ni za balbu, zinawaka hafifu.

Mpango ni kuongeza friji ndogo ya kompresa, otopailoti ya kana (ya kushika usukani yenyewe) na paneli moja ya sola ya wati 100. Nawaza kununua lithiamu ya 100 Ah sasa hivi, nyaya zifuate taratibu. Mnaonaje?

#2 FundiSaketi
Mkuu, geuza huo mpango. Nyaya na fyuzi kwanza, betri iwe kitu cha mwisho kuingia botini.

Chukua kiungo kimoja chenye kutu, ukinzani wake omu 0.05 tu. Ukipitisha ampea 30 unapoteza volti 1.5, na kiungo hicho kinatoa wati 45 za joto. Ni sawa na kuacha chuma cha kulehemu kimewashwa nyuma ya ubao. Betri ya asidi iliyochoka huzama volti haraka mzigo ukiwa mkubwa, kwa hiyo ubovu wa kiungo unajificha. Lithiamu haizami, inashikilia karibu volti 13 mpaka inapokaribia kuisha, na kiungo kinaendelea kupikwa muda wote huo.

Kabla ya kununua chochote piga hesabu ya saa 24. Friji ya kompresa inakula kama ampea 4 ikiwa inazunguka, na kwenye joto inazunguka karibu nusu ya muda: weka 48 Ah. Otopailoti wastani wa ampea 1.5 kwa saa 8, ni 12. Skrini ya ramani ampea 1 kwa saa 8, ni 8. Redio ya VHF ikisikiliza tu ni kama ampea 0.4, ukiirusha kwa wati 25 inapanda hadi 5 au 6 lakini kwa sekunde chache, kwa siku weka 4. Taa za ndani za LED 2. Taa ya safari ya juu ya mlingoti, balbu ya wati 25, kwa saa 10 inakula 21 Ah. Ukibadilisha kuwa LED ya wati 3 inakula 2.5. Hilo badiliko moja la taa linakuokolea karibu theluthi mbili ya kiasi ambacho sola ya wati 100 inakuletea kwa siku ya kawaida.

Jumla, ukiwa na LED, ni kati ya 75 na 80 Ah kwa siku. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri, ikiwa imelazwa na kivuli cha kamba kinapita juu yake, itakupa 25 hadi 30. Kwa hiyo kila siku una upungufu wa kama 50 Ah, na lithiamu ya 100 Ah ambayo unaruhusiwa kutumia 80 haimalizi siku ya pili. Au uongeze sola hadi wati 250 na zaidi, au uwashe injini kila siku, au uachane na friji. Amua hilo kwanza, maana unene wa nyaya unafuata uamuzi huo.

#3 Mlingoti_Mrefu
Naunga mkono. Unene wa waya hauchaguliwi kwa macho. Kanuni ni rahisi: volti zinazopotea = 0.0175 × urefu wa kwenda na kurudi (mita) × ampea ÷ unene (mm²). Hiyo 0.0175 ni ukinzani wa shaba.

Watu wengi wanasahau neno moja tu hapo: kurudi. Umeme unakwenda kwa chanya na kurudi kwa hasi, hivyo taa iliyo mita 18 kutoka kwenye swichibodi ina mita 36 za shaba.

Twende na taa yako ya mlingotini. Balbu ya wati 25 ni ampea 2.1. Kwa waya ya 1.5 mm²: 0.0175 × 36 × 2.1 ÷ 1.5 = volti 0.88, yaani zaidi ya asilimia 7. Kwa 2.5 mm² ni volti 0.53, bado asilimia 4.4. Inabidi ufike 4 mm² ndipo ushuke chini ya asilimia 3, na 4 mm² juu ya mlingoti ni uzito usioutaka huko. Weka LED ya wati 3, ampea 0.25, na 1.5 mm² ileile inapoteza volti 0.1 tu. Ndiyo maana LED zinatangulia hata kuvuta waya.

Viwango vya ABYC, baraza la boti la Marekani, vinataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa za safari, vifaa vya kuongozea chombo na waya mkuu wa kulisha swichibodi. Kwa taa za ndani na vitu visivyo vya usalama wanaruhusu 10. Friji mimi ningeiweka kwenye kundi la asilimia 3 ingawa si kifaa cha usalama, kwa sababu kidhibiti cha kompresa kikiona volti ndogo kinaizima, na saa ya kuwaka kompresa ndiyo volti zinashuka zaidi. Matokeo yake inawaka, inazima, inawaka, inazima, na mwenye boti analaumu friji.

#4 TangaMbele
Asanteni sana wakuu. LED nimekubali. Maswali mawili: waya ya kawaida ya nyumbani inafaa? Na viungo, nilehemu au nibane?

#5 FundiSaketi
Ya nyumbani hapana. Ile yenye shaba moja nene ndani inakatika kwa mtikisiko. Tumia waya ya nyuzi nyingi nyembamba, na kila uzi uwe umepakwa bati. Shaba tupu kwenye hewa ya chumvi inavuta unyevu ndani ya ganda kama utambi, na inaoza mbali na mahali unapopaona.

Jipime mwenyewe kwenye nyaya zako za sasa: kata mwisho wa waya, menya sentimita 2. Shaba ikiwa nyeusi, kata nyuma sentimita 10 umenye tena. Ikiwa bado nyeusi, waya hiyo yote itupwe. Kuweka terminali mpya kwenye shaba nyeusi ni kazi bure, kwa sababu ule weusi haushikani vizuri na chuma chochote.

Viungo: bana. Viwango vinakataza lehemu kuwa ndicho kitu pekee kinachoshikilia waya. Lehemu inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya kitu kimoja kigumu, na pale ugumu unapoishia, waya inajikunja kila boti inapotikisika mpaka ikatike. Pia kiungo kikipata moto, lehemu inayeyuka na waya inachomoka.

Koleo liwe la meno ya kujifunga, lile ambalo haliachii mpaka limalize kubana. Koleo la bapa la kawaida linaponda bomba la terminali bila kulikaza sawasawa. Menya waya urefu wa bomba tu, ingiza mpaka nyuzi zichungulie kidogo upande wa pili, hakikisha hakuna uzi uliobaki nje, bana, kisha vuta kwa nguvu. Ikitoka mkononi mwako leo, ingetoka yenyewe baharini. Halafu pasha moto ule mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Acha kupasha pale unapoona duara la gundi linatokeza pande zote mbili, siyo kabla. Gundi isipotokeza, chumvi ina njia.

Nyaya nene za betri, kuanzia 16 mm², zinahitaji koleo kubwa la haidroliki au la mikono mirefu. Kama huna, agiza zikatwe na kubanwa tayari kwa vipimo vyako. Usizipige kwa nyundo.

#6 Pampu_ya_Ngama
Nadhani fyuzi zinahitaji posti yake. Utasikia mtu anasema "kifaa changu kinakula ampea 3, naweka fyuzi ya 3". Fyuzi ya saketi inailinda waya isishike moto. Ukubwa wake hauzidi uwezo wa waya nyembamba kuliko zote kwenye njia hiyo. Kwa waya ya boti yenye ganda la kuhimili joto, viwango vya tahadhari ni: 1.5 mm² fyuzi ya 10, 2.5 mm² ya 15, 4 mm² ya 25, 6 mm² ya 40, 10 mm² ya 60, 16 mm² ya 80. Kifaa kikihitaji fyuzi ndogo zaidi kwa maelekezo ya mtengenezaji, ongeza hiyo ndogo karibu na kifaa.

Mahali: karibu na betri iwezekanavyo. ABYC wanasema ndani ya milimita 178 kutoka kwenye terminali, na wana nafasi za ziada kwa waya iliyovikwa bomba. Kila sentimita kati ya betri na fyuzi ni waya isiyo na ulinzi. Waya ya stata (mota ya kuwashia injini) isikwaruzwe popote, maana wengi hawaiwekei fyuzi.

Sasa pampu ya ngama. Inabaki kuunganishwa nje ya swichi kuu, hilo ni sahihi, lazima ifanye kazi boti ikiwa imefungwa na hakuna mtu. Lakini bila fyuzi ni hatari. Pampu ikinaswa na uchafu, mota inasimama huku imewashwa na inavuta ampea nyingi mno. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye pampu, mota inaweza kuungua bila fyuzi kukatika. Fuata namba ya mtengenezaji hapa, siyo ya waya. Viungo vya pampu na vya boya la kuwashia vipandishwe juu, sehemu ambayo maji hayafiki hata ngama ikijaa. Viungo vilivyolala ngamani ndivyo vinavyooza kwanza kwenye boti nzima, na pampu ndiyo kifaa unachokihitaji siku mbaya.

#7 MkukuMzito
Mimi naona hapa mnampeleka kwenye lithiamu kana kwamba ni lazima. Betri za AGM (za asidi, zilizofungwa kabisa) hazihitaji saketi ya ulinzi, hazihitaji chaja ya DC-DC (ya kuchaji betri moja kutoka nyingine), altaneta inaunganishwa kama ilivyo. Weka mbili za 100 Ah, umemaliza.

#8 FundiSaketi
Bila friji, nakubaliana nawe kabisa, AGM inatosha na mfumo unabaki mwepesi kuelewa. Pamoja na friji hesabu inabadilika. AGM mbili za 100 Ah ni kama kilo 60, na ukitaka zidumu unatumia nusu, yaani 100 Ah. Lithiamu mbili za ukubwa huohuo ni kama kilo 24 na unatumia 160. Kwenye boti ya mita 8 tofauti ya kilo 36 inaonekana kwenye mstari wa maji, hasa betri zikikaa tezi.

Lakini kilicho kizito zaidi ni kuchaji. Betri ya asidi ikifika asilimia 80 inaanza kukataa umeme. Hiyo asilimia 20 ya mwisho inataka saa nyingi, na hakuna anayewasha injini saa zote hizo. Inabaki haijajaa wiki baada ya wiki, salfeti inaganda kwenye bamba, na uwezo unapungua. Lithiamu haina shida hiyo. Kukaa nusu haiiumizi, na ukiiacha boti kwa miezi, nusu ndiyo hali nzuri ya kuiachia.

Kisichofaa ni kuchanganya. Usiunganishe AGM mpya na ya zamani sambamba, ile ya zamani inaiburuta mpya. Na ukiunganisha mbili sambamba, chanya ya kwenda kwenye mzigo itoke betri ya kwanza, hasi itoke betri ya pili. Ukizitoa zote kwenye betri moja, hiyo ndiyo itafanya kazi kubwa na kuchoka mapema.

#9 MkukuMzito
Sawa, hoja ya kuchaji naikubali. Lakini basi mwambie habari ya altaneta, maana hapo ndipo watu wanaunguza vitu.

#10 FundiSaketi
Lithiamu haina ukinzani wa ndani wa maana. Ukiiunganisha moja kwa moja na altaneta ya ampea 35, itavuta kila kilichopo bila kupumzika, na altaneta ndogo haikuundwa kutoa kiwango chake chote kwa saa nzima. Feni yake ya ndani haitoshi, hasa injini ikiwa mzunguko wa chini. Inaungua.

Hatari ya pili: saketi ya ulinzi ya lithiamu, ile BMS, ikiona kosa inakata ghafla. Altaneta iliyokuwa inatoa ampea 30 inabaki haina pa kuzipeleka, volti zinaruka juu kwa kishindo na dayodi zinakufa, wakati mwingine pamoja na vifaa vya kuongozea chombo.

Suluhisho ni hili. Altaneta inabaki imeunganishwa daima na betri ya asidi ya kuwashia injini. Kutoka hapo, chaja ya DC-DC inalisha lithiamu. Usinunue ya ampea 30. Ikitoa 30, upande wa kuingilia inavuta 33 au zaidi, na hiyo ni altaneta yako yote. Kwa altaneta ya 35 chukua ya 15 hadi 18. Volti za kuchaji lithiamu ziwe 14.2 hadi 14.4, na kusiwe na kuchaji chini ya nyuzi joto 0.

Swichi ya 1-2-ZOTE iondoe. Mtu akiizungusha kupita ZIMA injini ikiwaka, dayodi zinakufa palepale. Weka swichi mbili za kawaida za washa-zima, moja ya injini, moja ya nyumba, yaani betri za vifaa vingine vyote. Relei ya volti iliyozoeleka kwa betri mbili za asidi, ile inayoziunganisha yenyewe volti zikipanda, haifai hapa: lithiamu ikiwa imetulia ina volti 13.2 hadi 13.3, na relei nyingi huachia zikishuka hadi kama 12.8, kwa hiyo inabaki imezifunga pamoja hata injini ikiwa imezimwa.

#11 Pampu_ya_Ngama
Naongezea fyuzi kuu ya lithiamu. Shoti ya lithiamu ni maelfu ya ampea, na fyuzi isiyo na uwezo wa kukata kiasi hicho inaweza kuendelea kupitisha cheche ndani yake hata baada ya kuyeyuka. Fyuzi za ANL zinakata hadi ampea 6,000. Zile za kufungwa juu ya terminali ya betri, za MRBF, zinakata 10,000 kwenye mfumo wa volti 12. Daraja T zinakata 20,000. Kwa lithiamu mbili sambamba nenda daraja T. Usitegemee BMS peke yake, maana swichi zake za ndani zikifa mara nyingi zinafia zikiwa zimeunganisha, umeme unaendelea kupita.

Betri nazo zifungwe. Kipimo cha ABYC: ukivuta kwa nguvu ya kilo 40 kwa dakika moja, betri isisogee zaidi ya milimita 25 upande wowote. Boti ya matanga inalala upande, hiyo si nadharia.

#12 TangaMbele
Aisee, hii ni shule. Nauliza kuhusu kipima betri, kile chenye shanti (kipande cha kupimia umeme unaoingia na kutoka). Nimeona wengi wanalalamika kinadanganya.

#13 Mlingoti_Mrefu
Kinadanganya kwa sababu ya waya moja. Terminali hasi ya betri za nyumba iwe na waya mmoja tu, unaokwenda kwenye shanti. Kila hasi nyingine ikae upande wa pili wa shanti, kwenye basiba (kipande cha chuma cha kukusanyia nyaya): swichibodi, sola, chaja, na pampu ya ngama pia. Watu wanaacha hasi ya pampu kwenye betri kwa mazoea, na kipima hakioni kinacholiwa. Kosa dogo kila siku, na baada ya wiki mbili skrini inasema asilimia 90 wakati betri iko 60.

Hasi ya betri ya injini inakwenda kwenye bloku ya injini, na kutoka bloku waya mmoja unakuja kwenye basiba ileile, upande wa mzigo. Iwe sehemu moja tu ya kuunganisha injini na mfumo. Na kwenye basiba usirundike zaidi ya terminali nne kwenye bolti moja, nene chini, nyembamba juu.

Waya mkuu wa swichibodi: kwa ampea 50 na mita 3 kwenda, 10 mm² inapoteza asilimia 4.4, 16 mm² inapoteza 2.7. Weka 16. Nyaya zote zishikiliwe kila sentimita 45, na kila moja iandikwe jina pande zote mbili kabla hujaifunga.

#14 TangaMbele
Na pale mlingoti unapopita sitahani? Kwa sasa kuna plagi ya juu ya sitaha, imejaa kutu ya kijani.

#15 Mlingoti_Mrefu
Ing'oe. Plagi ya sitahani inakaa kwenye maji ya chumvi na haina namna ya kukauka. Pitisha nyaya zenyewe kwenye glandi ya kukaza, ziingie ndani bila kukatwa, na uziunganishe ndani kwenye kisanduku kikavu chenye terminali za skrubu, mahali unapoweza kufika kwa mkono. Acha kitanzi kinachoning'inia chini kabla waya haijaingia kisandukuni, ili maji yanayofuata waya yadondokee hapo. Acha pia ziada ya nusu mita, siku ya kushusha mlingoti utaihitaji. Waya ya antena ya VHF iwe ndefu moja bila kiungo ikiwezekana. Kila kiungo kinakula nguvu ya mawimbi.

#16 TangaMbele
Nimeandika mpango upya kwa kufuata uzi huu: LED zote, nyaya mpya za bati, basiba na fyuzi, swichi mbili, shanti, sola wati 250, DC-DC ya 18, mwisho lithiamu mbili. Betri moja ya 80 Ah inabaki kuwashia injini. Kuna nililoruka?

#17 FundiSaketi
Pima hiyo 80 Ah kabla ya kuiamini. Ijaze, iache saa 24 bila kitu chochote: ikiwa chini ya volti 12.5, imechoka. Kisha pima wakati stata inazunguka, isishuke chini ya 10.

Sola: unganisha kidhibiti na betri kwanza, kitambue volti za mfumo, ndipo uchomeke paneli. Kuondoa ni kinyume, paneli kwanza.

Ukimaliza, washa vitu vyote kwa pamoja na upime volti kwenye betri, halafu kwenye kila kifaa. Tofauti ikizidi 0.36 kwenye saketi ya asilimia 3, fuata waya kiungo kwa kiungo huku mzigo ukiwa umewashwa. Mita itakuonyesha ni kipi kinachokula. Baada ya nusu saa gusa kila kiungo kikubwa, kilicho cha moto kikazwe au kirudiwe.

#18 Mlingoti_Mrefu
Na nyaya za taa ya dira zisokote pamoja, chanya na hasi, mwendo wote. Usumaku wa moja unafuta wa nyingine. Zikiwa zimeachana, washa taa usiku na dira inasogea. Otopailoti yako ikiwa na dira yake ndani, waya yoyote nene ipite mbali nayo, na uihakiki dira upya na vifaa vyote vikiwa vimewashwa, kisha vikiwa vimezimwa.

#19 TangaMbele
Nimelichukua hilo. Naanza na taa za LED na kumenya nyaya kuona zipi ni nyeusi. Nitaweka mchoro wa saketi hapa mkaukague kabla sijabana terminali ya kwanza.